Mabaki ya Damu Yasimwagwe: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kenya

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kwa ajili ya mililita chache za damu. Mtu anapochangia damu katika vituo vya umma, mbali na mfuko utakaokwenda kwa mgonjwa, huchukuliwa damu kidogo katika tyubu ya kupimia. Maabara huichunguza kama ina virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na ya C, au kaswende. Majibu yakishatoka, kinachobaki ndani ya tyubu huwa kimemaliza kazi yake. Naomba mabaki hayo yapewe kazi nyingine, tena kila mwaka, kwa agizo lako na kwa bajeti ya serikali.

Thamani yake Kenya imekwisha kuiona. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Machi 13, 2020. Mwanzoni mwa Juni hesabu rasmi ilikuwa watu 2,093 waliothibitishwa na 71 waliofariki. Hesabu hiyo haikuwa na uongo, ila ilikuwa ya wale tu waliofikiwa na kipimo cha puani. Wakati huohuo watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na shirika la Wellcome Trust walioko Kilifi walikuwa wakipokea mabaki ya damu kutoka vituo vya Mombasa, Nairobi, Kisumu na Eldoret. Kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni walipima sampuli za wachangiaji 3,098 wenye umri wa miaka 15 hadi 64. Hawakutafuta virusi. Walitafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili huwa umeunda baada ya kukutana na virusi.

Baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, jinsia, maeneo na makosa ya kipimo chenyewe, walikadiria kwamba asilimia 4.3 walikuwa na kingamwili hizo. Kwa sensa ya 2019, hao ni zaidi ya watu milioni moja wa rika hilo. Mombasa ilikuwa karibu asilimia 8, Nairobi zaidi ya 7. Na kumbuka, Mheshimiwa, watu hawa walikuwa wamekuja kutoa damu. Mwenye homa hatolewi damu, hurudishwa nyumbani. Waliopimwa walikuwa wazima, wanatembea, wengi hawakuwa na habari kwamba ugonjwa umewapitia. Mapema mwaka 2021, upimaji kama huo ulionyesha kwamba karibu nusu ya wachangiaji walikuwa na kingamwili, na chanjo zilikuwa ndiyo kwanza zinashuka Nairobi.

Ndiyo maana siamini kwamba taifa linaweza kuujua ugonjwa kwa kuhesabu vitanda vya hospitali peke yake. Virusi vya korona hukaa puani na kooni kwa muda mfupi, na kipimo kikichelewa hakivioni. Kingamwili hubaki nyuma kama nyayo za mgeni aliyepita usiku. Zile za mwanzo, ambazo wataalamu huziita IgM, hujitokeza ndani ya wiki moja au mbili kisha hufifia baada ya miezi. Zinazofuata, IgG, hudumu miezi mingi au miaka, na kwa magonjwa mengine hudumu maisha yote. Maabara ikizisoma zote mbili inaweza kukadiria kama maambukizi ni ya juzi au ni ya zamani, hata kama mhusika hakuumwa kichwa wala kukohoa.

Sisi watu wa Pwani tuna ushahidi wa zamani zaidi ya korona. Mwaka 2004 chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, iliingia Lamu wakati wa ukame. Maji yalikuwa adimu, watu wakayahifadhi majumbani kwenye vyombo ambavyo havikumwagwa wala kujazwa upya mara kwa mara, na mbu wakapata pa kuzalia. Oktoba mwaka huo wakazi wa kisiwa walipimwa damu. Watatu kati ya kila wanne walikuwa na alama za maambukizi, na wataalamu wakakadiria kwamba watu kama 13,500 kati ya 18,000 walikuwa wameambukizwa. Mlipuko ulikuwa umeshapita kilele chake. Virusi vilifika Mombasa, mapema 2005 vikaingia Komoro, kisha Réunion, kisha India.

Upimaji wa Lamu ulikuwa kazi nzuri sana, na kila ninapousoma hunisikitisha, kwa sababu ulituambia ukubwa wa jambo lililokwisha kutokea. Kama damu ya Pwani ingekuwa inapimwa kila robo ya mwaka, maafisa wa afya wangeweza kuona IgM zikianza kupanda, wakawahi kwenda mtaa kwa mtaa kufunika na kusafisha mapipa. Vivyo hivyo Garissa, baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, wakati homa ya Bonde la Ufa ilipoua mifugo na watu. Waliofika hospitalini walikuwa wachache. Ni upimaji wa kingamwili uliofanya wataalamu wakadirie kwamba walioambukizwa katika wilaya hiyo peke yake walikuwa takriban 27,500.

Sitaki kukuuzia kipimo hiki kwa sifa ambazo hakina. Chukua kipimo kinachokosea kwa mtu mmoja tu kati ya kila mia wasio na ugonjwa. Ni kipimo kizuri. Sasa kipeleke mahali ambapo walioambukizwa ni 100 kati ya watu 10,000. Kitawagundua karibu wote 100. Lakini kati ya wale 9,900 wengine kitawasingizia 99. Nusu ya majibu ya "ndiyo" yatakuwa ya uongo. Mtafiti anayehesabu kaunti nzima analijua kosa hilo na huliondoa kwa hesabu. Mtu mmoja aliyeshikilia cheti mkononi hana namna ya kuliondoa. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lilikuwa sahihi Aprili 2020 lilipoonya dhidi ya kuwapa watu vyeti vya kinga kwa msingi wa kingamwili, nami ninakuomba usikubali jambo hilo lirudi kwa sura nyingine.

Virusi vingine vina undugu unaozichanganya maabara. Kingamwili za dengi huweza kukiitikia kipimo cha homa ya manjano, na za o'nyong-nyong, iliyoambukiza umma mkubwa Uganda kuanzia 1959, huweza kudhaniwa ni za chikungunya. Sampuli zenye utata zinahitaji kipimo cha pili, kile cha kuangalia kama seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, inaweza kuzuia virusi hai visiambukize seli. Kazi hiyo ni ya polepole na ya gharama, inataka maabara yenye usalama wa juu, na bajeti isiyoitaja itakwama mwezi wa pili.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Kipimo cha korona cha Kilifi kiliaminika kwa sababu kilijaribiwa kwanza kwa seramu 910 zilizochukuliwa kabla ya korona kuwapo duniani. Seramu hizo zisingeweza kuwa na kingamwili za ugonjwa huo, basi kila "ndiyo" iliyotoka humo ilihesabiwa kuwa kosa, na makosa yalikuwa kama asilimia moja. Bila damu iliyotunzwa kwenye majokofu kwa miaka, tungelazimika kuazima uhakika wa watu wa Ulaya, ambao miili yao imekutana na virusi tofauti na vyetu. Damu tunayoitupa mwaka huu ndiyo ingekuwa mizani ya kupimia ugonjwa ambao bado haujapewa jina.

Wachangiaji damu, hata hivyo, si Kenya nzima. Wengi ni vijana, wanaume ni wengi kuliko wanawake, watoto na wazee hawamo, na kaunti za Kaskazini huchangia kidogo. Pengo hilo tunaweza kulipunguza kwa njia tuliyoizoea. Tangu 1990 Kenya ilifuatilia virusi vya Ukimwi kwa kutumia damu iliyobaki katika kliniki za wajawazito, bila majina. Mama mjamzito hupimwa damu kwa faida yake na ya mtoto, na kilichobaki kikaliambia taifa hali yake. Njia hiyo irudishwe kwa magonjwa mengine, ianzie Garissa, Wajir, Mandera na Turkana. Na wafanyakazi wa vichinjio wapimwe kwa hiari yao katika maeneo ya homa ya Bonde la Ufa, kwa kuwa wao hugusa damu ya mnyama kabla daktari wa mifugo hajapata habari.

Najua swali litakaloulizwa Bungeni: je, watu wamekubali? Jibu liwe ndiyo, na liwe la kweli. Fomu ya mchangiaji iongezewe sentensi moja kwa Kiswahili chepesi, inayomweleza kwamba mabaki ya damu yake yanaweza kupimwa kwa ajili ya afya ya umma, na kwamba anaweza kukataa bila kuzuiwa kuchangia. Tyubu ipelekwe ikiwa na umri, jinsia, kaunti na tarehe, basi. Namba ya kitambulisho isiguswe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo. Izingatiwe tangu siku ya kwanza, tusisubiri mtu aende mahakamani. Majibu ya Ukimwi, homa ya ini na kaswende yaendelee kumfikia mhusika mwenyewe kama kawaida, maana hayo yana matibabu au ushauri wa kumpa.

Matokeo nayo yasifungiwe. Mwananchi wa Tudor, hapa Mombasa, ana haki ya kujua kama dengi inazunguka mtaani kwake kabla ya kumeza dawa za malaria kwa homa ambayo si malaria. Takwimu zitolewe kila baada ya miezi mitatu, kaunti kwa kaunti, kwa Kiswahili na Kiingereza, zikiwa na ukomo wa kosa ulioelezwa waziwazi. Kazi iliyofanyika 2020 ilikuwa utafiti, na utafiti huisha fedha zake zinapoisha. Ufuatiliaji wa magonjwa ni wajibu wa serikali kwa raia wake.

Mheshimiwa Waziri, ninaomba utoe agizo kabla ya bajeti ijayo kusomwa: vituo vya damu vihifadhi sehemu ya kila tyubu, KEMRI ipewe jukumu na fedha za kuzipima, na ripoti ya kwanza itolewe kwa wananchi ndani ya mwaka mmoja. Sisi tunaochangia damu tutaendelea kuja.

Wako mwaminifu,
Mchangiaji damu, Mombasa