Usingizi wa Mchezaji Nao ni Kazi

Wasomaji wangu wa Kanda ya Ziwa wanaijua Isaka: bandari kavu, reli ya kati, na malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo yakinguruma usiku kucha. Ndipo nilipolikuta, saa kumi za usiku, basi la timu ya soka limesimama ili madereva wabadilishane. Ndani, vijana wamejikunja vitini, wengine wamejilaza sakafuni. Mmoja aliyeshuka kunyoosha miguu alinisalimu, "Shikamoo, mwalimu." Nilipomuuliza kama amelala, alicheka: "Tutalala tukifika." Mechi yao ilikuwa kesho yake.

Kutoka Geita hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Hadi Mtwara, zaidi ya 1,500. Geita Gold ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021 na kushuka 2024. Kabla yake Shinyanga ilikuwa na Mwadui na Stand United. Sidai kwamba zilishushwa na kukosa usingizi. Ukata una sehemu yake, tena kubwa. Lakini katika chambuzi zote nilizosikia redioni, mchezaji aliyezubaa aliitwa mvivu au mlevi, na hakuna aliyeuliza alilala wapi.

Wataalamu wamekwishauliza. Mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Stanford kiliwafuatilia wachezaji 11 wa mpira wa kikapu walioongezewa muda wa kulala kwa majuma kadhaa. Usahihi wa mitupo yao ulipanda kwa asilimia 9. Ni kundi dogo, nakiri. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2014, ulionyesha kwamba wanamichezo vijana waliolala chini ya saa 8 waliumia mara 1.7 zaidi ya wenzao. Na mwaka 2019 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliuweka usingizi ndani ya tamko lake kuhusu afya ya akili ya wanamichezo. Hapo ndipo penye uzito, kwa maana si safari pekee inayomkesha mtu. Mechi ya usiku humwacha mwili ukichemka hadi saa nane. Mshahara uliocheleweshwa humkesha hata akiwa kitandani kwake.

Nitaambiwa kwamba klabu zetu ni maskini. Ni kweli, ila ratiba haihitaji fedha bali ramani. Bodi ya Ligi na TFF waweke kanuni: timu iliyosafiri kwa barabara zaidi ya kilomita 800 isicheze kabla ya saa 48 za mapumziko. Leseni ya klabu nayo iulize vitanda, kama inavyouliza uwanja. Basi la safari ndefu tunalitaka liwe na madereva wawili, kwa kuwa tunakubali kwamba mwili uliochoka hukosea. Abiria wake, ambaye mwili ndio zana yake ya kazi, hatumhesabu.

Na kanuni hiyo isiishie kwa wanaume. Timu za Ligi Kuu ya Wanawake hupita barabara hizi hizi, zikiwa na fedha pungufu zaidi.