Kuta Zasema, Msomaji Yu Wapi?

Wenzetu wengi wajaaliwao kufika Ulaya hurejea na picha za minara ya London na Paris, na masimulizi ya hoteli na mikahawa. Si vibaya. Lakini mwana wa chuoni, aliyeshika ubao tangu utotoni, hafai kuikosa Granada, Hispania.

Nilipoingia jumba la Alhambra niliwaona wageni wakisifu nakshi. Kumbe nyingi katika nakshi hizo ni maneno! "Hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu," ndilo neno la wafalme wa Banu Nasri, limerudiwa ukutani hata macho huchoka kuhesabu. Na ukingoni mwa birika libebwalo na simba 12 mna beti za Ibn Zamrak, mshairi na waziri wa karne ya 14, akisifu mwendo wa maji. Ufalme ulianguka mwaka 1492. Shairi lingali papo.

Humo humo ngomeni mna hoteli iliyokuwa nyumba ya watawa wa Kikristo, nayo ilijengwa mahali pa jumba la wafalme hao. Mgeni hulala asijue amelalia nini.

Nasi je? Pale Gedi lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, miaka michache baada ya Ibn Zamrak. Watoto wetu hupelekwa matembezi, wakala, wakacheza, wakarudi. Wasomesheni maandishi ya mawe hayo kabla ya kuwakatia tikiti za ndege. Asiyesoma kwao, ugenini atasoma nini?