Bin na Binti Si Takataka

Wako wahariri na wakutubi ambao, kila wakutanapo na jina la mtu wa pwani, mkono huwatangulia akili: hukata "bin", hufuta "binti", kisha jina la baba hulisukuma mbele na kuliita la ukoo. Kazi hiyo wameipa jina la utaratibu. Ni uharibifu, na wa kwanza kudhurika ni wafu, wasioweza kujitetea.

Majina ya pwani hayakuwa mengi. Ali, Said, Khalifa na Hamad yamezunguka katika majumba ya wafalme na vibanda vya wavuvi, baba akimpa mwana jina la babu, na mwana naye akilirudisha kwa mjukuu. Kilichomtenga Ali na Ali ni kile kilichofuata.

Itazamwe Unguja peke yake. Khalifa bin Said alitawala miaka miwili tu, 1888 hadi 1890. Khalifa bin Haroub alitawala karibu nusu karne, 1911 hadi 1960. Anayeandika "Sultan Khalifa" na kuishia hapo amemwachia msomaji abahatishe. Kwa akina Ali kosa ni zito zaidi. Ali bin Said ndiye aliyetoa amri ya mwaka 1890 ya kupiga marufuku biashara ya watumwa. Amri ya mwaka 1909, iliyowafikia masuria walioachwa nje na ile ya 1897, ilitoka zama za Ali bin Hamoud. Basi mtafiti akikuta "Sultan Ali na amri ya utumwa", ni Ali yupi huyo? Kati ya amri mbili hizo ipo miaka kumi na tisa, na wapo wanawake walioimaliza yote wakingoja.

Hujibiwa kwamba fomu ina visanduku viwili, jina la kwanza na jina la ukoo, na kwamba dunia nzima huandika hivyo. Dunia nzima haiandiki hivyo. Na fomu ni karatasi, iongezwe kisanduku.

Wanawake ndio walioumizwa zaidi. Mwana Kupona binti Mshamu, mtunzi wa utendi wa mwaka 1858, alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, wala ndoa hiyo haikumwondolea Mshamu wake. Siti binti Saad alizaliwa akaitwa Mtumwa; "Siti" ni heshima aliyopewa ukubwani, baada ya sauti yake kujulikana. Kwa hiyo katika jina lililomfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, lililotoka naye Fumba ni hilo "binti Saad" tu. Anayemwandika "Siti Saad" amemfanya mke wa Saad, au mtu wa ukoo wa Saad ambao haukuwapo. Herufi moja nayo ikiteleza, Saad akawa Said, muuza vyungu wa Fumba anageuka bintimfalme.

Bintimfalme wa kweli alikuwapo: Salme binti Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, na kumbukumbu zake zikachapwa mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Yeye asilaumiwe, alikwenda kuishi kwa watu wenye desturi yao. Lakini mwanawe Rudolph alijiita Said-Ruete, na jina alilopewa babu siku ya kuzaliwa likawa la ukoo huko Ulaya. Mwaka 1929 alichapisha London kitabu juu ya babu huyo, na jina la kitabu ni *Said bin Sultan*. Hapo "bin" haikuguswa, na ni heri, kwani Sultan si cheo: ni jina la baba yake Said, Sultan bin Ahmad wa Oman. Ingekatwa, baba mzima angegeuka kilemba cha mwanawe. Juu ya jalada lile moja, babu amebaki na "bin" yake. Mjukuu ana kistari.