Mtu si Rehani: Ilani ya Wagonjwa wa Runingu

Sisi wakulima wa muhogo, mahindi na mpunga, akina mama wa sokoni, walimu na vijana wa pikipiki wa Runingu, tunaanzisha leo harakati yenye dai moja mbele ya mengine yote: mgonjwa aliyeruhusiwa na muganga aende nyumbani siku hiyo hiyo, awe amelipa au bado anadaiwa.

Kila familia hapa inajua mambo yanavyokwenda. Mama anazidiwa na uchungu, kituo cha afya kinamwandikia karatasi ya kwenda lopitali kubwa, pikipiki inatafutwa usiku. Anapasuliwa, mtoto analia, watu wanamshukuru Mungu. Kisha inakuja fakitire: fishi, glavu, serumu, uzi wa kushonea, mafuta ya jenereta, kitanda. Imeandikwa Kifaransa na kuhesabiwa kwa dola, na atakayeilipa anauza muhogo kwa faranga. Mume anaacha simu, anaacha na kadi ya mpiga kura, kitambulisho pekee alicho nacho cha kuonyesha kwenye vizuizi vya barabarani. Visipotosha, mama na kichanga wanabaki. Nyuzi zimetolewa, kidonda kimekauka, lakini mlinzi wa mlangoni ana orodha ya wasiotakiwa kutoka, na kila usiku wanaolala pale unaongezwa kwenye deni. Hata maiti huzuiliwa, matanga yakasubiri.

Aliyezuiliwa halimi. Msimu unampita, mbuzi anauzwa kwa bei ya kutupa, na safari nyingine mtu wa nyumba ile akiugua anaogopa lopitali, anameza dawa za kuokoteza mpaka amechelewa. Lopitali yenyewe inakosa kitanda cha mgonjwa mpya, na pesa bado haijaipata.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 17, inasema uhuru wa mtu ndio kawaida na kuzuiliwa ni jambo la pekee linalohitaji sheria. Kifungu cha 47 kinatupa haki ya afya. Tangu 1976 nchi yetu imo katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, unaokataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la makubaliano. Nairobi, mwaka 2015, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuia akina mama waliojifungua kwa ajili ya deni la hospitali ni kinyume cha sheria. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Burundi ilifuta malipo ya kujifungua na ya kutibu watoto wa chini ya miaka 5 mwaka 2006. Uzazi wa bure wa kwetu ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023. Tunautaka Runingu ukiwa na dawa zake na pesa zake, maana tangazo la redio halimshoni mtu.

Hatugombani na wauguzi. Wengi wao Serikali haiwalipi mshahara, wanaishi kwa kile anachotoa mgonjwa, na wametutibu katika vita na kipindupindu wakati wengine wamekimbia. Ndiyo maana dai la mshahara wao ni dai letu pia, na tutalipeleka kwa wakubwa wa Uvira na Bukavu pamoja nao wakikubali.

Lililo mikononi mwetu tutalianza wenyewe: mutueli, mfuko wa kuchangiana matibabu, ambao sheria ya Februari 2017 inauruhusu. Tunajua watu wana hofu, na hofu hiyo ni ya haki. Pesa za michango zimewahi kuliwa, na mfuko wa kijiji kimoja humalizwa na wanawake wachache waliopasuliwa. Kwa hiyo hatutaki mfuko wa Runingu peke yake. Tutazungumza na majirani zetu wa Kiliba, Sange na Luberizi. Bwamanda, kule Equateur ya zamani, walianza mwaka 1986: walichanga mara moja kwa mwaka, wakati wa kuuza mavuno, na aliyelazwa akalipa sehemu ya tano tu ya fakitire. Nasi tutachanga baada ya mavuno, wakati pesa ipo. Mtunza fedha atasoma daftari sokoni mbele ya watu kila mwezi, na asiyetaka kulisoma hatashika fedha.

Kwa lopitali na vituo tunaomba bei zibandikwe ukutani kwa Kiswahili na kwa faranga, kila mstari wa fakitire uelezwe kabla ya kulipwa, na asiyeweza kulipa atie sahihi ya deni mbele ya chefu wa kijiji, alipe kwa mafungu kila avunapo. Kadi ya mpiga kura isishikwe kamwe.

Kazi ya kwanza inaanza wiki hii. Mwenye fakitire nyumbani, iliyolipwa au isiyolipwa, ailete tuinakili bila jina lake. Anayejua mtu aliyezuiliwa sasa hivi atuambie leo, twende watu kumi pamoja na chefu, tukaandike deni na kumrudisha nyumbani.