Kigoda cha Milansi na Hila za Binti wa London

Kuna hadithi za mapenzi za Kiingereza zinazopita mikononi mwa vijana wetu wa sekondari mpaka majalada yachakae. Hadithi hizo huwekwa katika Uingereza ya miaka ya 1811 hadi 1820, zama ambazo mwana wa mfalme alitawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa. Georgette Heyer, aliyetoa kitabu chake Regency Buck mwaka 1935, ni miongoni mwa waliozifanya zipendwe. Kisa hakibadiliki sana. Binti wa jamaa bora huingizwa kwa mara ya kwanza katika kumbi za dansi za London ili apate mchumba. Binti huyo ana hila. Hukutana na kijana ayari, mcheza kamari na mpenda wanawake, hupimana akili, mwishowe ayari hutubu, na harusi hufungwa.

Wapo walimu wanaotaka vitabu hivi vifungiwe kabatini kwa kuwa ni kasumba. Wapo wengine wasemao: waacheni vijana wajifurahishe, ni mapenzi tu. Sisi twazipinga kauli zote mbili. Wa kwanza wanakiogopa kitabu, wa pili wanakidharau; wala hakuna anayekiuliza swali.

Swali lenyewe ni hili: kwa nini binti yule afanye hila? Msomaji mvivu atajibu kwamba ndivyo wanawake walivyoumbwa. Jibu hilo ni uzushi. Katika Uingereza ya siku zile mashamba makubwa kwa kawaida yalirithiwa na mwana wa kiume. Vyuo vikuu viliwafungia wanawake milango. Fedha na vitu alivyokuwa navyo msichana vilikuwa mali ya mumewe tangu siku ya ndoa. Sheria haikumpa mke haki kamili ya kumiliki mali yake mpaka mwaka 1882. Basi mume ndiye aliyekuwa shamba, kazi na paa la nyumba. Aliyenyimwa jembe hulima kwa kucha, kisha watu humcheka kwa kucha zake chafu.

Sasa tutazame kwetu. Wazee wa Ufipa husimulia kwamba wanawake watatu wageni walifika Milansi wakati mfalme Ntatakwa alipokuwa porini akiwinda. Walidai kigoda cha enzi, wakakikalia. Mfalme aliporudi alikuta mambo yamekwisha. Akakubali kubaki na Milansi yake, na utawala wa nchi ukawa wa ukoo wa Watwa, ambao baadaye uligawanyika ukawa Nkansi na Lyangalile. Masimulizi hutofautiana, lakini kiini ni hicho. Roy Willis aliyapima kwa makini katika kitabu alichokichapisha mwaka 1981.

Wanawake wale nao walikuwa na hila. Lakini angalieni walichokilenga! Hawakumwinda mume mwenye kigoda. Walikitaka kigoda chenyewe. Mabibi wa Milansi na binti wa London hawatofautiani kwa akili wala kwa tabia. Wanatofautiana kwa kile ambacho kila mmoja aliona kinaweza kufikiwa.

Na ayari je? Katika hadithi za Heyer na wafuasi wake ayari husamehewa, akavikwa pete. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali wa baba yake Zakaria aliingia katika dunia ya wanaume bila silaha, na mwisho wake ukawa kifo kwa mkono wake mwenyewe. Kitabu hicho kiliwahi kuzuiwa mashuleni. Kilizuiwa kwa sababu kilisema kweli: kwetu ayari huenda zake, msichana akabaki na deni. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule. Ruhusa ya kurudi baada ya kujifungua ilitolewa Novemba 2021.

Mwaka huohuo wa 1971 taifa lilitunga Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo ilimpa mke haki sawa na mume ya kumiliki mali. Hicho ni kigoda. Lakini sheria hiyohiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 aozwe kwa idhini ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Mkono mmoja ulitoa kigoda, mkono wa pili ukakivuta kabla msichana hajakaa.

Mkulima wa Kifipa hakuyachoma majani ya shamba lake. Aliyafukia ndani ya tuta, ntumba, yaoze, yakawa mbolea ya ulezi na maharage. Hadithi za kigeni zitendewe vivyo hivyo. Mwalimu aziweke mezani kando ya simulizi la Milansi na Rosa Mistika, wanafunzi waulizane: nani anamiliki nyumba? Nani anarithi shamba? Nani analipa ayari anapokosa?

Wasichana wetu wana akili ya kutosha. Ikiwa hatutawapa elimu, ardhi na sheria iliyonyooka, akili hiyo itageuka hila, nasi hatutakuwa na haki ya kuwalaumu. Tuwape kigoda, tuone kama watamtafuta ayari.