MASTAA NA MAJIKO YA GESI: PICHA KALI, MOTO WA NJANO!

Hivi jamani, nani aliwadanganya mastaa wa Bongo kwamba jiko la gesi ni pambo? Kila wiki lazima mmoja aposti jiko jipya: pleti nne, oveni chini, kioo juu kinang'aa mpaka kope za bandia zinaonekana humo. Maneno ya chini ni yale yale, "Mungu ni mwema", na mashabiki wanamwaga makopakopa. Sawa, hongera zao. Ila waambie waonyeshe mpira wa gesi ulioko nyuma ya hilo jiko, uone watakavyokaa kimya.

Kuna msanii wa kike wa Bongo Fleva, jina kapuni, karekodi video anampikia mume pilau. Lipsi nyekundu, kucha ndefu, wimbo wake mpya unalia kwa nyuma. Sasa angalia sufuria: chini nyeusi tii kama imetoka kwenye mafiga. Moto nao ni wa njano, unarukaruka kama wa kibatari. Komenti zote ni "Anti umependeza", "Anti mume kapata mke". Hakuna hata mmoja aliyemwambia Anti kwamba jiko lake linaumwa.

Moto wa gesi unasomwa kwa rangi, wadau. Ukiwa wa bluu na umetulia, gesi inaungua vizuri. Ukiwa wa njano na unaacha masizi, ujue hewa haitoshi au vitundu vimeziba. Hapo gesi inaliwa bure, sufuria zinachafuka, na zaidi ya yote inatoka kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kwenye jiko lililofungwa madirisha yote ili AC ifanye kazi, hewa hiyo inaua.

Na dawa yake si kununua jiko lingine ili upate posti nyingine. Mtungi unafungwa, jiko linaachwa lipoe. Vichwa vya pleti vinatolewa, vinaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, vitundu vilivyoziba kwa uji na mafuta vinazibuliwa taratibu kwa pini bila kuvitanua. Vikishakauka kabisa vinarudishwa vikae sawasawa, maana kimoja kikikaa upande tu, moto unaenda kombo. Kama bado ni njano, majiko mengi ya mezani yana kibati kidogo kwa chini, pale bomba la gesi linapoingia kwenye pleti. Hicho ndo mlango wa hewa. Kinafunguliwa kidogo kidogo mpaka moto uwe wa bluu. Ukianza kunguruma na kuinuka juu ya pleti kama unataka kuhama, hewa imezidi, rudisha kidogo. Jiko la kioo au la kujengea aachiwe fundi anayejua. Ni kazi ya muda mfupi tu, ila haina kiki, ndo maana hakuna anayeiposti.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Anayepiga picha si anayepika! Kamera ikizimwa, anayeingia jikoni ni dada wa kazi. Binti wa miaka 19, amekuja juzi kutoka mkoani, kwao wanapikia kuni. Hajafundishwa chochote zaidi ya "bonyeza hapa, zungusha hapa". Siku mpira ukivuja usiku, yeye ndiye anayeamka saa 11 alfajiri kuchemsha chai. Atanyoosha mkono gizani kutafuta swichi ya taa. Bosi wake kalala chumbani, karudi shoo usiku wa manane. Hebu mseme wenyewe, hapo anayeungua ni nani?

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikapotea, inashuka sakafuni, inajikusanya chini ya makabati na kusubiri cheche. Ile harufu mbaya kama ya yai viza imetiwa makusudi, maana gesi yenyewe hainuki. Huyo binti alitakiwa aambiwe siku ya kwanza kabisa: ukisikia harufu hiyo, usiwashe taa, usizime taa, usiguse swichi yoyote. Kama mtungi unafikika salama, ufunge. Fungua milango na madirisha, amsha watu, tokeni nje wote. Simu ipigwe mkiwa nje tayari, Zimamoto ni 114. Haya ni maneno ya dakika mbili. Lakini bosi aliyetumia saa nne kupaka mekapu ya video ya pilau hakupata hizo dakika mbili.

Wa pili kwenye orodha ni mwigizaji wa Bongo Movie, naye jina kapuni. Huyu kajifanya mwalimu kabisa. Kawafundisha mashabiki "ujanja wa mjini": gesi ikikaribia kuisha, laza mtungi chini, unapata siku mbili zaidi. Dada, huo si ujanja! Ndani ya mtungi gesi iko kama maji. Mtungi ukisimama, kinachopanda kwenda kwenye jiko ni mvuke. Ukiulaza, yale maji yenyewe yanaweza kuingia kwenye regyuleta na mpira, na moto ukalipuka mkubwa usoni kwa mpikaji. Mtungi unakaa wima, basi. Wala hauwekwi kwenye beseni la maji ya moto. Anayeona gesi inaisha haraka adai mzani dukani wakati wa kununua, kilo 6 ziwe kilo 6 na kilo 15 ziwe kilo 15.

Kwenye video hiyo hiyo mpira umefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli badala ya klipu. Nyumba ya kifahari, geti la umeme, gari mbili nje, halafu gesi inashikiliwa na tyubu!

Machawa wao wana utetezi: "Wao ni wasanii, si mafundi, muwaache." Hapana bwana. Wengine wanalipwa hela ya ubalozi kusifia gesi. Anayelipwa akushawishi upande pikipiki hana budi akuambie na habari ya breki. Ukikubali cheki, ukubali na wajibu.

Na wajibu huo umekuwa mkubwa zaidi sasa. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Ni jambo jema kabisa. Moshi wa kuni na mkaa umewaumiza macho na vifua kina mama wa nchi hii miaka nenda rudi. Lakini maana yake ni watu wengi mno wanaoshika gesi kwa mara ya kwanza, na wengi wao wanajifunza Insta kuliko kwenye karatasi iliyokuja na jiko. Anachofanya staa kinaigwa mpaka Mbagala na Buza. Na huko hakuna jiko la kioo. Kuna mtungi wa kilo 6 na pleti juu yake, chumba kimoja, pazia hapa, godoro pale, watoto wamelala. Mtu wa chumba kile akilaza mtungi kwa sababu dada wa Bongo Movie kasema, hana geti la umeme la kukimbilia wala fundi wa kumpigia.

Kwa hiyo mastaa, posti ijayo iwe hivi. Pakeni povu la sabuni kwenye mpira, kwenye maungio na kwenye regyuleta, jiko likiwa limezimwa na mtungi uko wazi. Mapovu yakitokea na kukua, panavuja: funga mtungi, usiwashe kitu, ita fundi. Msijaribu kutafuta uvujaji kwa kiberiti kama baadhi ya mafundi wa kubahatisha. Mpira wenye nyufa au uliokakamaa utupwe. Na kabla ya kulala, mtungi unafungwa pale pale juu yake, si kwenye vitufe vya jiko tu. Sekunde 30 zinatosha. Lipsi mnaweza kuipaka pia, haizuii kitu.

Na kabla ya kuiposti, aitwe kwanza dada wa kazi aangalie.

Haya mdau, jiko la kwako linawaka rangi gani? Na anayekupikia anajua mtungi unafungiwa wapi? Dondosha komenti hapo chini, matusi hapana.