Mtoto Anapolia Mbele ya Mchezo



Mama mmoja ametuandikia kuhusu mwanawe wa miaka 11. Mtoto huyu, asema, ni mpole nyumbani na chuoni, lakini akishika pedi ya mchezo wa video hubadilika. Huanguka shimoni, hurudia, huanguka tena, mpaka machozi yakamtoka. Juzi aliirusha pedi ukutani. Mama anauliza: aupige marufuku mchezo huo, au amwache mtoto na machozi yake?

Kwanza tukijue kinachozungumzwa. Katika michezo ya aina hii, mchezaji humwongoza mtu mdogo kwenye skrini, akimrukisha kutoka jukwaa moja hadi jingine, na chini yake kuna shimo, miiba au adui. Uliotangaa zaidi ni Super Mario Bros., uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1985. Baadhi ya akina baba wanaosoma ukurasa huu wanaujua vizuri kuliko wanavyowaambia watoto wao.

Mwanzo wa mchezo huo una ufundi wa mwalimu mwema. Hakuna maandishi ya kueleza lolote. Adui wa kwanza huja taratibu, akiwa peke yake, nawe huna budi kuruka. Juu pana tofali lenye alama ya kuuliza. Ukiligonga hutoka uyoga, ukateleza hadi kwenye bomba, ukagonga na kukurudia. Ukiugusa, unakua. Kwa muda wa kuhesabu vidole mtoto amejua kuruka, amejua adui, amejua neema, na hakuna aliyemfokea.

Mwaka uliofuata, 1986, kampuni hiyo hiyo ikatoa wa pili huko Japani, na hapo mwalimu akageuka. Mapema kabisa mchezaji hukutana na uyoga unaofanana na ule wa zamani, lakini huu una sumu. Yako matofali yasiyoonekana, yaliyowekwa pale pale anaporuka, ili ajigonge kichwa na kutumbukia. Iko njia ya mkato ambayo, badala ya kumpeleka mbele, humrudisha mwanzo wa safari. Mbele zaidi huvuma upepo unaomsukuma akiwa hewani. Tawi la Nintendo la Marekani liliuona kuwa mgumu kupita kiasi kwa wateja wao. Mwaka 1988 Wamarekani wakauziwa mchezo mwingine kwa jina hilo, uliogeuzwa kutoka mchezo wa Kijapani uitwao Doki Doki Panic. Ule wa asili haukuwafikia ila mwaka 1993, ukiitwa The Lost Levels.

Je, uyoga wa sumu ni udanganyifu? Haki isemwe: mchezo ule uliuzwa kwa tangazo la wazi kwamba ni wa mabingwa, na aliyeonywa hakudanganywa. Lakini onyo hilo lilimfaa mnunuzi mzima aliyejichagulia adha yake. Mtoto aliyeletewa zawadi na mjomba hakusoma tangazo lolote.

Waliopitia chuoni watalielewa jambo hili upesi. Mwanafunzi anayehifadhi sura hukosea. Yuko mwalimu ambaye humrudisha kwenye aya aliyoteleza, akairudia mpaka ulimi ukazoea. Na yuko ambaye kwa kosa moja humrudisha mwanzo wa juzuu, kila mara, mpaka mtoto akachukia hata kuushika msahafu. Wote wawili ni wakali, na sura ni ile ile. Tofauti ni umbali wa kurudi.

Ndiyo maana napenda kuutaja mchezo wa Celeste, uliotolewa mwaka 2018 na kikundi kidogo cha watengenezaji. Msichana aitwaye Madeline anapanda mlima. Anaruka, anajirusha angani, anaparamia kuta, na uwezo wake ni huo tu. Ni mchezo mgumu kwelikweli. Mtu huweza kuanguka mara mamia kabla ya kufika kileleni, na mchezo huzihesabu. Lakini akianguka, mara moja yuko tena mwanzo wa chumba kile kile, na miiba iko wazi mbele ya macho yake. Anajua alipokosea. Aliyeshindwa kabisa anaweza kufungua mpangilio wa msaada, akapunguza kasi au akaongeza nguvu za msichana, bila ya kudhihakiwa. Na mna humo jambo lililonigusa: Madeline ana hofu inayombana kifua, na rafiki yake humfundisha kuvuta pumzi taratibu, akiwaza unyoya unaoelea. Mchezaji huuongoza unyoya huo yeye mwenyewe.

Ipo na michezo ya simu ambayo ugumu wake una bei. Candy Crush Saga si wa kuruka, lakini ni mfano ulio wazi: maisha ni matano, yakiisha unangoja nusu saa kwa kila moja, au unalipa. Hapo hasira ya mtoto ndiyo biashara, na simu yenyewe mara nyingi ni ya mamake, yenye pesa ndani.

Basi, mama mwandishi, kabla ya kupiga marufuku, keti kando yake kwa muda wa robo saa, utazame. Mwulize: umekufa kwa sababu gani? Akikujibu, "Nimeruka mapema," yuko darasani, na machozi yake ni ya mwanafunzi. Mwache, ila pedi ikirushwa tena ikae kabatini siku tatu. Akikujibu, "Sijui, imetokea tu," na ikawa hivyo kila mara, mtafutie mchezo mwingine. Akikuomba pesa, uzime.

Bado lile la Magharibi. Watoto husema, "Nimalize hii tu." Katika mchezo wa Mario wa 1985 palikuwa na udhuru kidogo, kwani hakukuwa na njia ya kuhifadhi pale ulipofika, ukizima umepoteza. Celeste hukuwekea nafasi yako. Adhana ikilia, na azime. Akirejea msikitini atawakuta mlima na msichana wake pale pale.

Wabillahi tawfiq.